Pointi 25: Kisa cha Baba, Mwana na Mashambulizi ya Iowa

Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2022 nilikuwa sebuleni kwangu Coralville, mji uliopakana na Iowa City, nikitazama mechi na jirani yangu, mzee mmoja wa Uvira. Wakongo ni wengi huku, Kiswahili unakisikia dukani na kituo cha basi, na msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza hakuna asiyejua kwamba Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa wanacheza. Mji mzima huvaa nyeusi na njano. Mzee hakuwahi kuangalia mechi hata moja hadi mwisho, akaniomba nimfundishe. Nilimfundisha kwa taabu. Iowa walishinda 7 kwa 3 dhidi ya South Dakota State, na filimbi ya mwisho ilipolia akanigeukia: "Mwanangu, hii saba imetoka wapi? Mimi sikuona mutu amefunga."

Alikuwa sahihi. Katika mchezo huu, saba kwa kawaida ni tachidauni moja: unaufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani unapata sita, kisha teke dogo linakuongezea moja. Saba ya siku ile haikuwa hiyo. Tatu zilitokana na teke la mbali lililopita kati ya nguzo. Nne zilizobaki ni za ulinzi: mara mbili walinzi wa Iowa walimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe, na kila ukifanya hivyo unapewa pointi mbili. Kwanza Jack Campbell, baadaye Joe Evans aliyemdaka kwotabeki (mrusha pasi) wa wageni, kijana Mark Gronowski, kabla hajaachia pasi. Tatu, mbili, mbili.

Safu ya mashambulizi ilipata yadi 166 mchana kutwa. Kwotabeki Spencer Petras alikamilisha pasi 11 kati ya 25 na moja ikanaswa. Mchezaji aliyeonekana kuliko wote alikuwa Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia, ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali pale timu inaposhindwa kusonga mbele na kulazimika kuukabidhi kwa mpinzani. Siku ile aliitwa mara kumi, na kila alipopiga uwanja ulimshangilia. Mzee akauliza tena, na swali lake sijalisahau: "Huyu anashangiliwa, na kazi yake ni kurudisha mupira?"

Nimeandika kisa hiki kwa sababu ya maswali yake hayo mawili. Mashabiki wa Iowa waligombana kwayo miaka mitatu mfululizo, na uongozi ulipofika mahali pa kuyajibu, ulijibu kwa kuweka namba kwenye mkataba.

Wahusika

Kocha mkuu ni Kirk Ferentz. Ameiongoza Iowa tangu msimu wa 1999, na mwaka 2018 alimpita Hayden Fry, aliyemtangulia, kwa idadi ya ushindi katika historia ya chuo. Sisi tuliozoea kuona kocha akifungashiwa virago baada ya sare mbili, miaka yote hiyo kwenye kiti kimoja ni vigumu kuielewa. Jimbo la Iowa halina timu ya ligi ya kulipwa ya NFL. Hawkeyes ndiyo timu. Uwanja wa Kinnick huingiza watu 69,250, na robo ya kwanza ikiisha wote hugeuka na kuwapungia mikono watoto wanaotibiwa kwenye jengo la hospitali linalotazamana na uwanja. Kwa watu hawa, kulijadili jambo la timu ni kulijadili jambo la nyumbani.

Mwanawe, Brian Ferentz, aliichezea Iowa kwenye ukuta wa mbele, wale wanaomkinga kwotabeki, akafanya kazi New England Patriots, akarudi mwaka 2012 kuwa kocha wa ukuta huo. Mwaka 2017 akapewa safu nzima ya mashambulizi. Chuo kina kanuni inayokataza mtu kumsimamia ndugu yake kazini, kwa hiyo kwenye karatasi bosi wa Brian hakuwa baba yake bali mkurugenzi wa michezo, Gary Barta.

Hapo ndipo kisa kilipofungwa fundo lake. Mtu anayejua futiboli na anayemwona Brian kila siku mazoezini, kanuni ilimkataza kumhukumu. Mwenye mamlaka ya kumhukumu alikuwa ofisini, na kazi yake haikuwa kuchora michezo. Nia ya kanuni ilikuwa njema, kuzuia upendeleo. Ilichozaa ni kocha asiye na msimamizi wa kweli, na mashabiki wasiojua malalamiko yao wayapeleke mlango upi.

Haikuwa mbaya tangu mwanzo

Wengi waliolalamika mwaka 2022 walisema Brian hakuwahi kufaa. Mimi sikubaliani nao, na rekodi hainipingi. Novemba 2017, msimu wake wa kwanza, Iowa waliifunga Ohio State 55 kwa 24 pale Kinnick. Taitiendi wawili wa wakati wake (wachezaji wanaozuia na pia kudaka pasi), T.J. Hockenson na Noah Fant, walichaguliwa wote raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana vijana wa vyuo mwaka 2019, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wachezaji wawili wa nafasi hiyo kutoka chuo kimoja. Wastani wa pointi kwa mechi ulikuwa 28.2 mwaka 2017, ukapanda hadi 31.2, ukashuka hadi 25.8, ukarudi 31.8 katika msimu mfupi wa korona.

Kisha ukaporomoka. Mwaka 2021 ulikuwa 23.4, lakini hakuna aliyesikia kishindo kwa sababu timu ilikuwa inashinda. Walianza kwa ushindi wa mechi sita mfululizo, wakapanda hadi namba 2 nchini baada ya kuifunga Penn State. Ulinzi wa kocha Phil Parker ulikuwa unanasa pasi za wapinzani kama wavuvi kwenye mkondo wenye samaki. Ulipoacha kunasa, tukaona kilichokuwa chini yake: Purdue wakawafunga 24 kwa 7, na kwenye fainali ya ligi ya Big Ten Michigan wakawafunga 42 kwa 3.

Ushindi ulifunika kidonda. Ndiyo maana mjadala ulipolipuka mwaka uliofuata, ulilipuka kwa hasira ya watu waliokuwa wameona dalili na wakaambiwa watulie.

Kosa la nani?

Mwaka 2022 Iowa walikuwa timu ya 130 kati ya 131 kwa yadi za mashambulizi, wastani wa 251.6 kwa mechi. Walifungwa 10 kwa 7 na Iowa State. Walifungwa 9 kwa 6 na Illinois. Kule Ohio State walifungwa 54 kwa 10, na tachidauni pekee ya Iowa aliifunga mlinzi, Joe Evans yuleyule, baada ya mpira kudondoshwa.

Mbele ya luninga na kwenye meza za chakula cha mchana kazini, kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Wa kwanza kubebeshwa mzigo alikuwa Petras. Alizomewa nyumbani na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Yule ni mwanafunzi. Nilisikia mtu mzima, baba wa watoto, akimtaja kwa maneno ambayo asingevumilia kuyasikia mwanawe akiambiwa shuleni. Ni kweli Petras hakuwa mkimbiaji na pasi zake nyingine zilipotea. Lakini mchezaji bora nchini wa katikati ya ukuta wa mbele, Tyler Linderbaum, alikuwa ameondoka kwenda NFL, na ukuta wa vijana uliobaki haukumpa sekunde za kuinua kichwa. Jimbo lilidai mbadala wake, Alex Padilla. Akaingizwa kipindi cha pili kule Ohio State, na hakuna kilichobadilika. Ukimbadilisha dereva na gari likabaki kwenye tope lilelile, kafungue boneti.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa Charlie Jones. Mwaka 2021 alikuwa Iowa, na msimu mzima alidaka pasi 21 kwa yadi 323. Akahamia Purdue, chuo cha ligi hiyohiyo, kinachocheza na wapinzani walewale. Mwaka 2022 alidaka pasi 110 kwa yadi 1,361 na tachidauni 12. Mtu yuleyule, mikono ileile. Waliosema Iowa haina vipaji vya kushambulia walikuwa na kipaji nyumbani, na mfumo haukujua la kumfanyia. Msimu ulipoisha wapokeaji wengine wawili, Keagan Johnson na Arland Bruce, nao wakahama. Kijana mwenye miaka minne tu ya kucheza hawezi kuitumia akisubiri pasi isiyokuja.

Upande wa pili walikuwepo waliosema, na kwa haki, kwamba Iowa walishinda mechi 8 mwaka ule. Purdue wa Charlie Jones walifungwa na Iowa 24 kwa 3. Kirk Ferentz anaamini katika kukimbia na mpira, kutoudondosha, kuupiga mbali ukikwama, na kuuacha ulinzi umalize kazi. Mtindo huo umemwingiza kwenye vitabu. Lakini utetezi huu unamshtaki baba huku ukimwokoa mwana. Kama kanuni ya nyumba ni "usipoteze", basi kocha wa mashambulizi hataulizwa kamwe kwa nini hafungi. Nadhani waliomlaumu Brian peke yake waliona nusu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa kwa mzee Kirk mwenyewe, na kumtaja ilikuwa vigumu kwa watu waliolelewa kwenye ushindi wake.

Namba inaingia kwenye mkataba

Februari 2023 chuo kilitangaza mkataba mpya wa Brian. Mshahara ulipunguzwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000. Na sharti likawekwa: timu ishinde mechi zisizopungua saba na ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi, la sivyo mkataba unaishia Juni 2024. Pointi zote zingehesabiwa, zikiwemo za ulinzi na za timu maalumu, yaani vikosi vya mateke.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Mlinzi akinasa pasi na kukimbia nayo hadi mwisho, pointi zinaingia kwenye hesabu ya kocha wa mashambulizi. Zile pointi nne za Campbell na Evans zingehesabiwa. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa 2022, Music City Bowl, Iowa waliifunga Kentucky 21 kwa 0, na tachidauni mbili kati ya tatu zilitoka kwa walinzi waliozinasa pasi. Chini ya mkataba mpya, siku kama hiyo ingesomeka kwamba mashambulizi yamekaribia kabisa lengo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama lengo lilikuwa kumpima Brian, zipo njia: pointi kwa kila zamu ya kushambulia, yadi kwa kila mchezo, mara ngapi safu yake inabaki na mpira baada ya jaribio la tatu. Makocha wenyewe hupimana hivyo. Kilichofanyika ni kuchukua namba ambayo shabiki yeyote anaiona ubaoni na kuikabidhi uamuzi. Mkurugenzi hakutaka kusema "basi" na hakutaka kusema "endelea". Akauachia ubao wa matokeo.

Barta aliondoka tarehe 1 Agosti 2023, kabla mechi moja ya mkataba huo haijachezwa. Mwezi Machi chuo kilikuwa kimemaliza kwa zaidi ya dola milioni 4 kesi ya wachezaji wa zamani weusi kuhusu ubaguzi katika programu ya futiboli, na kwa mashabiki wengi, hasa wenye ngozi kama yangu, hilo lilikuwa kubwa kuliko yadi zote. Linastahili makala yake.

Msimu wa kuhesabu

Mechi 13 mara 25 ni 325. Kila mtu alikuwa na hesabu hiyo kichwani. Cade McNamara, kwotabeki aliyeiongoza Michigan kwenye ile 42 kwa 3, alikuwa amehamia Iowa, na taitiendi Erick All akaja naye. Matumaini yalikuwa halali. Utah State walifungwa 24 kwa 14, na badala ya kufurahi watu wakasema imepungua moja. Iowa State, 20. Western Michigan, 41. Baada ya mechi tatu wastani ulikuwa 28.3. Mechi ya nne Penn State wakawafunga 31 kwa 0, na wastani ukaanguka hadi 21 na ushei.

Juma lililofuata McNamara alichanika kano ya goti. Baadaye All naye. Kwotabeki aliyebaki, Deacon Hill, alimaliza msimu akikamilisha pasi chini ya nusu ya alizorusha. Hapa lazima nimtendee haki Brian: hakuna kocha ambaye angempoteza kwotabeki na mpokeaji wake bora asitetereke. Namba kwenye mkataba haikuwa na jicho la kuliona hilo. Wala haikuona kwamba dhidi ya Michigan State tachidauni iliyoamua mechi ilitoka kwa mlinzi Cooper DeJean, aliyekimbia yadi 70 na mpira uliopigwa na wapinzani. Pointi zake zikaandikwa kwa kocha asiyemfundisha.

Kisha ikaja Minnesota, tarehe 21 Oktoba. Nilikuwa na mzee wangu tena. Sasa alikuwa anaujua mchezo kuliko nilivyotarajia, na DeJean ndiye mchezaji wake. Iowa walikuwa nyuma 12 kwa 10 na dakika zimebaki chini ya mbili. Minnesota wakaupiga mpira mbali, ukadunda karibu na mstari wa pembeni. DeJean akaufuata, mkono mmoja ukiuelekeza mpira ulipo, mwingine ukipunga chini ya kiuno kana kwamba anawaonya wenzake wakae mbali. Akaudaka, akapenya pembezoni kabisa, akafika mwisho. Mzee alisimama, kofia mkononi. Waamuzi wakaenda kutazama marudio, wakarudi na hukumu kwamba ule mkono uliopunga ni ishara isiyo halali ya kuomba kudaka bila kubughudhiwa, kwa hiyo mbio zote zimefutwa. Mashambulizi yakapewa mpira karibu na katikati ya uwanja, na muda, na sababu zote duniani za kusonga mbele kidogo tu hadi mahali pa kupiga teke la pointi tatu. Wakashindwa.

Waamuzi walilaaniwa juma zima. Mzee alivaa kofia yake, akasema, "Mwamuzi amekosa ao hajakosa, mupira si waliwapa? Wangeenda nao wapi?" Sikuwa na la kuongeza.

Kufikia hapo Iowa walikuwa na pointi 156 katika mechi nane. Kuifikia 325 kungehitaji karibu 34 kwa kila mechi iliyobaki. Tarehe 30 Oktoba, Beth Goetz, aliyekaimu nafasi ya Barta, akatangaza kwamba Brian hataendelea baada ya msimu. Timu ilikuwa imeshinda sita na kupoteza mbili. Kirk Ferentz hakuficha kwamba yeye huamua mambo ya makocha msimu ukiisha. Namwelewa kama baba. Lakini Goetz alifanya kile ambacho hakuna aliyekifanya kwa miaka miwili: mtu mwenye mamlaka alitamka uamuzi kwa jina lake. Wachezaji wakajua, mashabiki wakajua, na ile hesabu ya kila Jumamosi ikakoma kuwa rungu juu ya vichwa vya vijana wa miaka ishirini.

Cha kushangaza, waliendelea kushinda. Northwestern 10 kwa 7. Rutgers 22 kwa 0. Illinois 15 kwa 13. Nebraska 13 kwa 10, kwa teke la sekunde ya mwisho. Halafu wakafungwa: fainali ya Big Ten, na Michigan 26 kwa 0, na Citrus Bowl, mechi ya kufunga msimu, na Tennessee 35 kwa 0. Ushindi mara kumi, wastani wa pointi 15.4, na nafasi ya mwisho kabisa nchini kwa yadi. Tory Taylor aliupiga mpira mara 93 kwa jumla ya yadi 4,479, akavunja rekodi ya msimu mmoja iliyodumu tangu 1938. Parker alipata Tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora nchini. Timu moja ilikuwa na ulinzi wa kushindania ubingwa na mashambulizi ya mwisho nchini, na wote walikula meza moja.

Baada yake

Tim Lester, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Western Michigan, alichukua kazi. Msimu wa 2024 Iowa walipata wastani wa zaidi ya pointi 27. Kaleb Johnson, mkimbiaji aliyekuwa na yadi 463 mwaka 2023, alipata 1,537 na tachidauni 21 kwa miguu. Charlie Jones alilazimika kuhama ili aonekane. Johnson alionekana bila kuhama.

Ila pasi zilibaki duni. McNamara aliporudi hakuwa yule wa Michigan, na mwishowe naye akaondoka. Nusu ile nyingine ya jambo, niliyosema iko kwa mzee Kirk, haikuondoka na mwanawe, na mashabiki walirudi kubishana kuhusu kwotabeki kama zamani. Januari 2025 Iowa wakampata wa kutoka South Dakota State, aliyebeba ubingwa wa daraja lake mara mbili: Mark Gronowski. Nilipomwambia jirani yangu jina, alinyamaza kidogo akikumbuka. "Ni ule waliangusha kule nyuma, wakapata mbili?" Ni yeye.